Kura na Mwezi Mwandamo

Kila Shaabani inapotimia siku 29, Waislamu wa pwani hurudi kwenye mjadala wao wa miaka nenda miaka rudi: mwezi uonwe kwa macho, au hesabu za falaki zatosha? Hesabu hizo hazina mchezo. Leo hii mtu aweza kuambiwa saa na dakika utakapozaliwa mwezi wa mwaka 2050. Na bado, jua likizama, watu hutoka kutazama, na anayesema ameuona huulizwa: umeuonea wapi, umeelekea upande gani, ulikuwa na nani? Anayeucheka utaratibu huo hajaelewa kinachotafutwa. Kinachotafutwa si usahihi peke yake bali ushahidi: jambo litakalowafunga watu wote lithibitishwe kwa njia ambayo yeyote mwenye macho angeweza kushiriki. Suala la fiqhi nawaachia wenyewe. Mimi nalichukua swali nilipeleke kituo cha kupigia kura, kwa kuwa huko ndiko tulikolisahau.

Baada ya uchaguzi wa Kenya wa Desemba 2007, ulioacha watu zaidi ya 1,100 wameuawa na mwenyekiti wa tume ya uchaguzi, Samuel Kivuitu, akikiri hajui kama Rais Mwai Kibaki alishinda, Wakenya walishika imani kwamba dawa ni mashine. Mashine haina kabila, haihongwi, haisinzii. Machi 2013 vifaa vya kutambua wapiga kura vikazimika vituo vingi, mfumo wa kutuma matokeo ukalemewa, hesabu ikarudi mikononi. Agosti 2017 vikaja vifaa vipya, KIEMS, vya kusoma alama za vidole na kutuma matokeo. Tarakimu zikatiririka runingani usiku kucha, ila fomu zilizopaswa kuzibeba hazikuonekana zote. Mahakama ya Juu ilipoagiza seva za tume zikaguliwe, agizo halikutekelezwa kikamilifu, na Septemba 1 majaji wanne dhidi ya wawili wakaufuta uchaguzi wa rais. Kosa lenyewe litazamwe vizuri. Mahakama haikusema kwamba mshindi alikuwa mwingine; ilisema tume imeshindwa kuonyesha njia iliyopita hadi kufika kwenye jibu lake.

Mshindi hana haja ya kushawishiwa. Shughuli yote ile ya masanduku, wino, mihuri na mawakala ipo kwa ajili ya aliyeshindwa, arudi nyumbani akijua, hata kama roho inamuuma, kwamba ameshindwa kweli. Mtu huyo hatulizwi kwa kuambiwa mfumo ni salama. Mahakama ya Katiba ya Ujerumani iliona hivyo Machi 3, 2009, ilipokataa mashine zilizotumiwa katika uchaguzi wa bunge wa 2005. Haikuhitaji ushahidi kwamba kuna kura hata moja iliyoibwa. Ilitosha kwamba raia wa kawaida, asiye na utaalamu wowote, hakuweza kufuatilia kura yake inavyohesabiwa.

Nitaulizwa: mbona twapanda ndege bila kujua injini inavyofanya kazi, na twameza vidonge bila kujua kemia? Mfano huo una kilema. Ndege ikiwa mbovu itaanguka na kila mtu ataona, na rubani ataanguka nayo. Hesabu ya kura ikiharibika hakuna kishindo wala moshi. Kinyume chake, huenda anayeshika mashine ndiye anayenufaika. Imani tunayompa rubani imejengwa juu ya hatari tunayoshiriki naye.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Matokeo ya 2007 hayakuandikwa kwenye karatasi? Yaliandikwa, na tume ya Jaji Johann Kriegler, iliyouchunguza uchaguzi huo, ilikuta uchafu kuanzia vituoni hadi kwenye ujumlishaji. Karatasi haimfanyi mtu kuwa mwaminifu, nakubali. Lakini Kriegler aliweza kuuona uchafu huo kwa sababu karatasi zilibaki, akazilinganisha. Uongo wa karatasi huacha nyayo ambazo hata mwalimu wa shule ya msingi aweza kuzifuata kwa kalamu na jumla.

Ndiyo maana naona jambo la maana kuliko yote katika teknolojia ya uchaguzi wa Kenya ni picha tu. Fomu 34A ni ya kituo kimoja kisichozidi wapiga kura 700: majina ya wagombea, kura zao, sahihi za mawakala, muhuri. Nakala hubandikwa mlangoni. Agosti 2022 tume ilipiga picha fomu za vituo zaidi ya 46,000 na kuzianika mtandaoni, kila mwenye simu akaweza kujumlisha. Kulipozuka madai kwamba picha zimechezewa, Mahakama ya Juu iliagiza ukaguzi, na haikupata tofauti ya maana kati ya picha hizo na fomu halisi. Ugomvi mkubwa ulibaki Bomas, kituo cha taifa cha majumlisho, kwenye hatua ya mwisho, hatua iliyowafanya makamishna wanne kati ya saba wamkane mwenyekiti wao. Shaka ilihamia pale pale macho ya watu yalipokomea.

Najua pia kwamba mtandao una swichi, na swichi ina mwenyewe. Uganda walizimiwa intaneti Januari 2021, uchaguzi ukiwa kesho yake. Kwa hiyo picha isitangulie karatasi, wala mtandao usichukue nafasi ya ule mlango. Mashine ikizimika, fomu bado iko pale imebandikwa, na wakala ana nakala yake mfukoni.

Uchaguzi ujao wa Kenya ni Agosti 10, 2027. Kura za kituo chako zikishahesabiwa, fomu itabandikwa mlangoni. Nenda ukaione.