Ngoma na Anayeitwa: Swali la Imani Katika Buhaya

Katika Kihaya, lugha ya Wahaya wa Tanzania, engoma ni chombo kinachopigwa, na pia ni utawala wa mukama, yaani mfalme. Himaya za Bukoba na Muleba, kama Kyamutwara na Ihangiro, zilitambulika kwa ngoma zao. Ngoma nyingine zilikuwa za embandwa, watu wanaopandwa na pepo wa Bachwezi: Wamara, Irungu wa porini, na Mugasha mwenye ziwa na dhoruba. Ngoma na manyanga vilipopigwa, pepo aliitwa, akaja, akasema kwa kinywa cha mbandwa. Kwa imani hiyo muziki si pambo la ibada; ndiyo njia anayopita anayeitwa.

Hata hivyo, Mugasha huyo huyo ni shujaa wa utenzi unaoimbwa kwa enanga, ala ya ubao uliochongwa kama hori na kutandikwa uzi unaokwenda na kurudi. Mtafiti M. M. Mulokozi, aliyezichambua tenzi za enanga kwa kina, aliziweka katika fasihi. Katika utenzi Mugasha husimuliwa, haitwi. Kumtaja na kumwita, basi, vilikuwa mambo mawili tangu zamani.

Mapadre Weupe walipofungua misheni Kashozi mwaka 1892, tofauti hiyo haikuwashughulisha sana. Ngoma ilihesabiwa kuwa mali ya pepo, ikabaki nje ya kanisa. Ajabu ni kwamba hapo padri na mbandwa walikubaliana: wote waliamini ngoma ina mwenyewe. Aliyekataa ni Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ambao mwaka 1963 ulitambua muziki wa jadi wa mataifa katika ibada. Laurean Rugambwa, Mhaya na kardinali wa kwanza Mwafrika tangu 1960, alikuwa miongoni mwa maaskofu wake. Ngoma ikaingia misani. Aliyebadilika ni anayeitwa.

Brazili ilipitia jambo linalofanana. Nyumbani kwa Tia Ciata, mjini Rio de Janeiro, samba ilichezwa na watu wale wale waliofuata ibada ya candomblé, yenye asili ya Afrika. “Pelo Telefone”, iliyosajiliwa na mwanamuziki Donga mwaka 1916, ilitoka katika mkusanyiko huo ikaingia kwenye santuri na kanivali, na wengi walioicheza hawakuwa na habari na miungu ya nyumba ile.

Buhaya nako, mwaka 2001 mwimbaji Saida Karoli, mzaliwa wa Bukoba vijijini, alivuma Tanzania nzima kwa wimbo “Maria Salome”: majina ya Injili, ngoma za nyumbani, maneno ya Kihaya. Diamond Platnumz na Rayvanny waliurudia kwa namna yao mwaka 2016, ukachezwa na watu wasiojua Kihaya hata kidogo. Ni rahisi kusema kwamba wimbo usioeleweka haumwiti yeyote. Lakini mbandwa naye, pepo alipompanda, alitumia maneno ambayo wengi waliomzunguka hawakuyaelewa.