Nani Atamtua Luisa?

Katika katuni za familia za siku hizi, yule binti wa kulala usingizi akingoja mwanaume aje kumwamsha amekwisha kazi. Wa sasa anapiga mshale, anaendesha mtumbwi baharini, anaokoa nchi nzima. Mashirika yanapenda kutuonyesha filamu hizo siku za watoto, na yanafanya vizuri, wasichana wetu wanafurahi. Lakini kuna swali lenye ningependa tuulizane hapa Bukirasazi, na wenzetu wa Kinama kule Muyinga nao waulizane: hiyo nguvu ya mwanamke ni ya kufanyia nini? Na ikishatumika, nani anafaidika?

Tuanze na Lion King ya mwaka 1994, yenye watoto wameiangalia kwenye simu za watu mpaka wanajua nani atakufa na saa ngapi. Hii tunaiona kama yetu kwa sababu ya majina: Simba, Rafiki, na yule fisi jike Shenzi. Hata mama yake Simba anaitwa Sarabi, yaani mazigazi, yale maji ya uongo yenye unaona mbali barabarani jua likiwaka. Jina la huzuni kwa mama. Sasa mtazame Nala. Wakishikana mwereka, Nala njo anamlaza Simba chini, utotoni na hata ukubwani. Majike njo wanawinda. Ukoo wote unakula kwa miguu yao. Halafu Scar anaharibu nchi, fisi wanajaa, njaa inaingia, na majike wote na meno yao wanakaa chini yake mpaka Simba arudi. Meno wanayo. Chenye hawana ni neno.

Kuna sehemu fupi ambayo watoto hawaijali. Sarabi anamwambia Scar kwamba wanyama wamehama, chakula hakuna, lazima tuondoke hapa. Anakataliwa, na mwishowe anapigwa. Wenye walitoka Masisi, Fizi au Uvira wanaijua hiyo saa. Kuna nyumba ambamo mama ndiye alisema kwanza, leo usiku tunatoka, na baba akajibu tungoje siku mbili, mambo yatatulia. Mama huyo alikuwa na nguvu ya kubeba watoto wawili na godoro mpaka mpakani. Nguvu ya kusema na kusikiwa hakupewa. Wazee wa hapa Burundi wana methali kwamba kuku jike hawiki jogoo akiwapo. Lion King inaongeza yake: hata jogoo akikimbia, kuku wangoje arudi.

Mulan wa mwaka 1998 naye ni hivyo hivyo. Anaokoa China, mfalme anampa nafasi katika baraza lake, yeye anakataa na kurudi kwa baba. Vita ameviweza, kikao amewaachia wengine.

Filamu yenye imeliona jambo hili vizuri kuliko nyingine ni Encanto, ya mwaka 2021, na mimi ningeiweka ya kwanza kuonyeshwa kambini, kwa sababu ni hadithi ya wakimbizi. Ni ya Kolombia, nchi ambayo vita vyake vya ndani vilihamisha watu kwa mamilioni. Alma, mama kijana, anakimbia pamoja na mumewe Pedro na watoto wao watatu mapacha, wachanga bado. Wenye silaha wanawafuata. Mtoni, Pedro anarudi nyuma kuwakabili, anauawa mkewe akiona. Hapo unatokea muujiza: mshumaa wa Alma hauzimiki, milima inainuka kuwaficha, nyumba inajijenga yenyewe. Miaka inapita, Alma amekuwa bibi, na kila mtoto wa ukoo anapewa kipaji.

Kipaji cha mjukuu wake Luisa ni nguvu za mwili. Anabeba punda mabegani kama sisi tunavyobeba magunia ya maharage. Anasogeza kanisa. Majirani hawamwiti kwa salamu, wanamwita kwa kazi: punda wametoroka, mto ugeuzwe, nyumba yangu imeinama. Anaitika kila mara, anacheka. Ni mdogo wake tu, Mirabel, ambaye hakupata kipaji chochote, anayemuuliza una shida gani. Na Luisa anakiri kwamba anaogopa. Asipobeba, yeye atakuwa nani?

Hapa kambini neno la kumsifia Luisa ni nguzo. Mama ni nguzo ya nyumba: tunalisoma kwenye vitenge vya tarehe 8 Machi, tunalisikia kwenye hotuba. Naomba tulitazame neno lenyewe. Nguzo haiketi. Nguzo haiulizwi mlango uelekee wapi. Hakuna mtu anaiambia nguzo pole na kazi. Inasifiwa tu kwa sababu bado haijaanguka. Mama anaamka kabla ya jua, anapanga mstari wa maji, anatafuta kuni, anapika, anaogesha mgonjwa, jioni anaambiwa "weye mama una nguvu kweli", na ile sifa njo malipo yake. Tena sifa hiyo inamfunga. Kesho akisema nimechoka, ataonekana amepoteza ile tabia nzuri yenye tulimpendea. Kumsifu mtu kwa kubeba, bila kugusa mzigo wake, ni dhuluma yenye imevaa nguo ya heshima. Sioni njia ya kulisema kwa upole zaidi.

Kule Tanzania, wakizungumza juu ya miradi ya maji, viongozi wana msemo wa kumtua mama ndoo kichwani. Kama maji yamefika kila kijiji ni hesabu nyingine, lakini kitenzi ni kizuri. Hakisemi mama ana shingo ngumu. Kinasema ndoo ni nzito, ishuke.

Katika Encanto nguvu za Luisa zinapoanza kuisha, nyumba inapata nyufa, mwisho inaanguka yote. Bibi Alma anatambua kwamba hofu aliyoitoa mtoni ndiyo ilimfanya awabane wajukuu hivyo. Simlaumu sana. Mtu aliyepoteza nyumba na mume siku moja, ukimpa nyumba nyingine, ataishika mpaka vidole viume. Halafu wanakuja majirani, wale wenye walibebewa miaka yote, na mikono yao ya kawaida, wanaijenga upya. Kumbe walikuwa wanaweza.

Kuna kosa lingine, na hili ni la wenye kutuandika sisi zaidi kuliko la wenye kuchora katuni: kwamba mateso ndiyo yanamtengeneza mwanamke imara. Wakubwa wengi wanaikumbuka Kirikou et la Sorcière, ya mwaka 1998, ya Mfaransa Michel Ocelot aliyekulia Guinea. Mchawi Karaba anatisha kijiji kizima. Mwishoni tunajua kwamba wanaume walimshika, wakamchoma mwiba wa sumu mgongoni, na uchawi wake wote unatoka kwenye ule mwiba. Kirikou anauchomoa kwa meno. Uchungu unaisha, na nguvu zinaisha vilevile, na kabla hajapumua, Kirikou amegeuka kijana mzima na Karaba ana mchumba. Naipenda hii filamu, ilithubutu kusema nani alimjeruhi. Lakini inafundisha kwamba mwanamke akipona, nguvu kwaheri. Moana ya 2016 imefikiri vizuri zaidi. Lile zimwi la moto kumbe ni Te Fiti, mungu wa kike aliyeibiwa moyo. Akirudishiwa, anabaki mkubwa vilevile, na kisiwa kinaota majani. Nguvu yake ilikuwako kabla ya mwizi. Wamama wetu pia walikuwa walimu, wauza samaki, wakulima, wasemaji wa ukoo, kabla ya mtu yeyote kuwatendea ubaya. Ukiandika kwamba vita vimewapa nguvu, umevishukuru vita.

Wapo wababa wenye wanaogopa kwamba katuni hizi zinawafundisha wasichana kiburi. Mimi nina hofu ya kinyume: zinaweza kuwafundisha kubeba zaidi huku wakitabasamu. Ndiyo maana, kwa wadogo, nampenda Akili, yule msichana wa miaka minne wa katuni za Ubongo za Dar es Salaam, anayekaa chini ya mlima Kilimanjaro. Haokoi mtu. Anauliza, anahesabu, analala na kuota. Kuna wengine watasema huyo si shujaa. Msichana wa miaka minne anayeruhusiwa kuuliza bila kubebeshwa mdogo wake mgongoni, hapa kwetu, naona ni jambo kubwa kuliko kusogeza kanisa.

Siku hizi kamati hazikosi kiti cha mwanamke, na wenzetu wa mashirika wanakihesabu kwenye ripoti. Basi wahesabu na saa. Mkutano ukipangwa wakati bomba linafunguliwa, yule mama atafika amechelewa, bidoni mkononi, atakuta mambo yamekwisha kukatwa, ataonyeshwa mahali pa kusaini. Wababa watakuwa wamekaa pale tangu mwanzo, na hakuna mwenye atakuwa amewauliza kama mmoja wao angeenda kupanga mstari.