Kabla ya Kumwita Mtu Mwongo



Nina jambo la kuungama kwanza, ndipo nipate kuuliza swali langu. Wakati wa kampeni za uchaguzi wa mwaka 2020, mgombea mmoja alisimama katika kiwanja cha shule yetu akasema kwamba umeme umekwisha kuwafikia Watanzania theluthi mbili. Jioni ile nilikaa na vijana wa kwaya nje ya kanisa. Nikazihesabu nyumba zenye taa mtaani petu. Hata kumi hazikutimia. Nikasema, "Yule mtu ni mwongo." Vijana wakacheka, na kesho yake neno lile lilikuwa limefika sokoni pamoja na jina langu.

Baada ya siku chache mwalimu mmoja, Mkristo mwenzetu, alinijia nyumbani. "Shikamoo, mzee." "Marahaba, mwalimu." "Mzee, neno lile ulilosema, ulilipima?" Akanionyesha hesabu za mwaka 2016, zilizokusanywa na Ofisi ya Taifa ya Takwimu pamoja na Wakala wa Nishati Vijijini. Watu asilimia 67.5 wa Tanzania Bara walikuwa wakiishi mahali ambapo umeme umefika. Lakini kaya zilizokuwa na umeme ndani ya nyumba zilikuwa asilimia 32.8: mijini 65.3, na vijijini 16.9 tu.

Basi tazameni. Mgombea hakuibuni hesabu yake, wala mimi sikulibuni giza nililoliona. Nguzo zikifika, kijiji kimefikiwa. Lakini mjane asiye na fedha angali akiwasha kibatari karibu na nguzo ile ile. Hata pale ambapo ada ya kuunganishiwa ni Sh. 27,000, bado kuna nyaya za ndani, swichi na fundi wa kulipwa. Mgombea alisema kweli juu ya nguzo, akawaacha watu wakidhani anasema juu ya taa. Nami nilimhukumu bila kujua hata hesabu moja. Kati yetu wawili, ni nani aliyeivunja amri ya tisa?

Swali langu ndilo hili: je, yatupasa Wakristo kuyapima maneno ya watawala, na tukiyapima, tuyapime kwa namna gani?

Wako wasemao kwamba kumchunguza kiongozi ni kukosa adabu, kwa kuwa mamlaka yatoka kwa Mungu. Lakini Matendo ya Mitume, sura ya 17, yatueleza juu ya watu wa Beroya, ambao walimsikiliza Paulo kwa moyo, kisha wakachunguza kila siku kama mambo hayo ndivyo yalivyo. Hawakukemewa, walisifiwa. Ikiwa neno la Mtume lilipimwa, la mgombea ni la nani hata lisipimwe?

Wako na wengine wasemao kwamba siasa yote ni uongo, tusijisumbue. Maneno haya yanafanana na hekima, lakini ni uvivu. Tukisema wote ni waongo, msema kweli hapati faida ya ukweli wake, na mwongo haoni haya.

Tena si jambo dogo. Mama auzaye samaki akiambiwa kwamba mgao wa umeme umekwisha kabisa, atakopa fedha anunue jokofu. Kijana atakopa anunue mashine ya kuchomelea. Neno la jukwaani laweza kumtia mtu katika deni.

Chukueni mfano wa Bwawa la Julius Nyerere katika mto Rufiji. Jiwe la msingi liliwekwa mwaka 2019. Wako waliosema litakuwa tayari Juni 2022, na wako waliosema halitakwisha kamwe. Mtambo wa kwanza ulianza kutoa umeme mwaka 2024, na mwaka 2025 yote 9 ilikuwa tayari. Basi wa kwanza walikosea, na wa pili pia walikosea. Je, ni wangapi katika kila upande waliorudi kwa wale waliowaambia, wakakiri?

Tena twasikia kwamba bwawa hilo ni la megawati 2,115. Ni kweli: mitambo 9, kila mmoja megawati 235. Lakini huo ni uwezo wake, kama vile lori lenye uwezo wa tani 10 lisivyobeba tani 10 kila safari. Kama mitambo yote ingezunguka kwa nguvu zote mwaka mzima, ingetoa yuniti zipatazo bilioni 18.5. Makadirio ya mradi wenyewe ni kama bilioni 6 hivi, theluthi moja, kwa sababu mto una masika na una kiangazi. Atajaye megawati peke yake hasemi uongo, lakini msikilizaji mwenye busara huuliza, "Na yuniti ni ngapi kwa mwaka?"

Kwa hiyo nashauri mambo matatu. Kwanza, tuulize hesabu iliyotajwa inahesabu nini: nguzo au taa, uwezo au umeme wenyewe. Pili, tuulize ni ya mwaka gani, na nani aliyeihesabu. Tatu, na hili ndilo gumu, tutumie mizani moja. Torati yakataza mtu kuwa na mawe mawili ya kupimia mfukoni, kubwa na dogo. Sisi tunayo: jiwe moja kwa chama tukipendacho, jingine kwa kile tusichokipenda.

Jumapili iliyofuata niliomba nafasi wakati wa matangazo. Nikasema kwamba nilimwita mtu mwongo bila kupima, na nikazieleza hesabu zote mbili, iliyomsaidia na iliyompinga. Vijana wengine walinuna, wakidhani nimenunuliwa. Rafiki wa mgombea naye alinuna, kwa sababu nilitaja ile asilimia 16.9. Nilirudi nyumbani sina aliyenisifu. Hata hivyo, usiku ule niliposali kuwaombea watawala wetu, kama tufanyavyo kila Jumapili, kwa mara ya kwanza katika kampeni ile sikuona haya kulitaja jina lake mbele za Mungu.

Bwana atupe macho ya kupima, na midomo ya kukiri. Amina.