Barua ya Shamte na Shamba la Nabothi

Wiki hii naomba tusome 1 Wafalme sura ya 21, na pembeni yake tuweke barua moja ya viongozi wetu.

Tarehe 5 Oktoba 1963, Mohammed Shamte, Waziri Mkuu wa Zanzibar, na Jomo Kenyatta, Waziri Mkuu wa Kenya, waliandikiana kuhusu mwambao wa Kenya, ule ukanda wa maili kumi ambao Waingereza walimlipa Sultani wa Zanzibar kodi ya pauni 11,000 kwa mwaka tangu 1895. Sultani aliuachia uwe wa Kenya. Kenyatta akaahidi kwamba Waislamu wataabudu kwa uhuru, kadhi atabaki na mahakama yake, na hati za ardhi zilizokwisha kusajiliwa zitatambuliwa siku zote.

Januari 12, 1964, serikali ya Shamte ikapinduliwa. Ahadi ya kadhi haikwenda nayo. Hadi leo imo katika Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 170. Mimi Mkristo naisifu bila haya.

Ahadi ya hati ndiyo inayonikosesha raha. Hati hizo zilitokana na sheria ya 1908, iliyomtaka mtu aende mwenyewe kudai shamba lake serikalini. Waliojua njia ya ofisi waliandikishwa. Ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa ya Serikali. Wamijikenda wengi, wenyeji wa mwambao huo, hawakuandikishwa, na wajukuu wao wakaja kuitwa maskwota palepale walipozikwa babu zao. Wengine waliruhusiwa kupanda mahindi na mihogo, lakini mnazi marufuku, maana mwenye mnazi huja akadai na udongo. Sisemi kila mwenye hati ni mwizi. Wapo waliorithi kwa halali. Ila barua ilimlinda mwenye karatasi, na asiye nayo hakutajwa.

Sasa turudi kwa mfalme Ahabu, aliyelitamani shamba la Nabothi. Tunasahau kwamba alianza kwa kutaka kununua. Aliahidi fedha, au shamba lililo bora zaidi, na Nabothi akakataa kuuza urithi wa baba zake. Ndipo Yezebeli, mke wa Ahabu, akaandika barua kwa jina la mfalme, akazitia muhuri, akazipeleka kwa wazee wa mji. Wakazitii kama zilivyo: wakatangaza mfungo, wakaita watu, wakaleta mashahidi wawili wa uongo, Nabothi akapigwa mawe. Mimi wale wazee wananitisha kuliko Yezebeli. Walikuwa majirani wa Nabothi.

Hapa kwetu Makunduchi, Zanzibar, zamani mnazi ulikuwa wa aliyeupanda na ardhi ilikuwa chini ya mji na wazee wake. Baada ya Mapinduzi ardhi yote ikawa mali ya Serikali, na sheria ya 1992 humpa mtu haki ya kuitumia. Kisha hoteli zikaja pwani ya kusini na mashariki, na maweni ambayo wazee wetu waliyalima kwa shida yakapata bei. Anayeileta bei hiyo si lazima awe Ahabu. Wengine ni watu wa heshima kabisa. Wasiwasi wangu uko kwetu sisi, watu wa mji, tunaoitwa kuweka saini.

Yeremia naye alinunua shamba, kule Anathothi, kwa shekeli 17 za fedha (sura ya 32). Alipima fedha mbele ya mashahidi, akaandika hati mbili, moja ya muhuri na moja ya wazi. Ile ya wazi ndiyo tunayoikosa.

Basi ndugu yangu, kabla hujatia dole gumba kwenye karatasi ya shamba la ukoo, isome kwa sauti mbele ya dada zako, hata walioolewa Jambiani au Mjini, na mbele ya kina mama wanaopita hapo kwenda kwenye mwani. Likikosekana jina la mwenye haki, usitie.