Mji Uliojiinua Wenyewe

Soma Ufunuo 3:14–22. Je, kujitegemea kunaweza kuwa dhambi?

Mnamo mwaka 60 B.K., tetemeko la ardhi liliangusha Laodikia, mji wa Asia Ndogo uliotajirika kwa fedha na sufu nyeusi. Mwanahistoria Mrumi Tacitus anaandika kwamba uliinuka tena kwa mali yake wenyewe, bila msaada wa Rumi.

Kujenga upya kwa jasho lako si kosa. Biblia inasifu bidii (Mithali 6:6–8). Hatari ni pale kiburi cha mji kinapoingia kanisani. Waumini walijiona matajiri, ilhali hata maji ya mji wao yalitoka mbali, yakipita katika mabomba ya mawe.

Leo pia mtu anaweza kurudisha zaka, kufundisha lesoni na kuongoza huduma, bila kumhitaji Kristo siku nzima. Yesu hajaondoka, angali mlangoni. Lakini anayedhani ana kila kitu hasikii haja ya kufungua.

Tafakari: Ni jambo gani maishani mwako huliombei kamwe, kwa sababu unaliweza mwenyewe? Nani hasa anakuwezesha?