Je, Kosa Moja Lipate Adhabu Moja?



Wengi wetu tuliokimbia makwetu tumeona hukumu za namna mbili. Mwizi wa kuku asiye na mtu analala gerezani miaka mingi, na aliyechoma kijiji anapita barabarani na walinzi wake. Kwa hiyo swali hili linatuhusu: je, adhabu ifuate kipimo kilichoandikwa, au kila hakimu aamue kama moyo wake unavyomtuma?

Rwanda iliyotupokea ilikutana na swali hilo kwa uchungu. Baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994, magereza yalijaa watu zaidi ya 100,000. Ndipo zikaja mahakama za gacaca, zilizofungwa mwaka 2012. Waamuzi wake walikuwa raia waliochaguliwa na majirani, wengi wao wakulima ambao hawakusomea sheria. Sheria ya mwaka 2004 ikawapa kipimo. Muuaji asiyekuwa miongoni mwa wapangaji, viongozi na wauaji waliovuma kwa ukatili, akikataa kukiri, alipata miaka 25 hadi 30. Akikiri baada ya jina lake kuingia katika orodha ya watuhumiwa, miaka 12 hadi 15. Akikiri kabla ya hapo, miaka 7 hadi 12. Kwa hao waliokiri, nusu ya adhabu iligeuzwa kuwa kazi za faida kwa jamii. Aliyekuwa na umri chini ya miaka 14 wakati wa kosa hakushitakiwa.

Faida yake tunaiona. Hapa Cyangugu au kule Kibungo, sheria ilikuwa moja, kwa mwenye ukoo mkubwa na kwa asiye na ndugu. Wazee walisema: mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Kumbukumbu la Torati 25 inakataza kubeba mfukoni mawe mawili ya kupimia, kubwa na dogo. Sura hiyo hiyo inaweka mwisho wa viboko, arobaini, ili anayeadhibiwa asidharauliwe, maana bado ni ndugu.

Lakini kipimo peke yake hakina macho. Nchini Uganda, sheria iliamuru kifo kwa kila aliyehukumiwa kwa kuua kwa kukusudia, na hakimu hakuwa na nafasi ya kuangalia hali ya mtu. Mwaka 2009 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilisema jambo hilo si haki. Mwaka 2013 ukatolewa mwongozo wa adhabu: hakimu anapewa mahali pa kuanzia, kisha anapima umri, majuto, na madhara aliyopata aliyekosewa. Bwana wetu naye, katika Luka 12:47-48, anasema mtumwa aliyejua mapenzi ya bwana wake atapigwa sana, na asiyejua atapigwa kidogo.

Katika gacaca pia, si wote waliokiri walitubu. Wako waliosema kweli yote, na mjane akajua mumewe alitupwa wapi. Wako waliosema nusu, wakihesabu miaka. Sheria ilipima maneno ya kinywa, moyo ni Mungu aupimaye.

Basi sisi tunasema: kipimo kiwepo, kimfunge hakimu asipendelee. Ndani ya mipaka yake amsikilize mtu, na akiongeza au kupunguza, atoe sababu mbele ya wote.

Na tusiwaachie mahakimu peke yao neno hili. Hata sisi tunaamua mashauri, kanisani na kambini. Mtoto wa mzee wa kanisa na mtoto wa mjane wakipigana kwenye bomba la maji, je, tunatumia jiwe moja? Tukubaliane gharama ya kosa kabla ya kuuliza ni mtoto wa nani. Kisha tuwasikilize wote wawili, kila mmoja kwa zamu yake.

Mungu wa haki na rehema atusaidie. Amina.