Mbayuwayu wa Kariakoo na Suala la Hiari

Swali la iwapo mnyama ana hiari, yaani uwezo wa kutenda hili na kuacha lile, kwa kawaida hujibiwa upesi kwa neno silika, ambalo maana yake ni msukumo wa kuzaliwa nao usiohitaji mwalimu. Lakini mbayuwayu wanaojipanga juu ya nyaya za umeme za Kariakoo kati ya Oktoba na Machi hulifanya jibu hilo lionekane pungufu. Ndege huyu, mwenye uzito wa gramu 20 hivi, hatagi Dar es Salaam. Huzaliana Ulaya na Asia, na juu ya makelele ya Mtaa wa Msimbazi hudaka wadudu na kubadilisha manyoya, kisha huondoka masika yakibisha hodi.

Nabii Yeremia aliwataja ndege wanaojua majira yao ili kuwaaibisha watu walioisahau hukumu ya Mungu, na ni rahisi kusoma hapo sifa ya utiifu usio na fikra. Hata hivyo, kinachosifiwa ni kujua wakati. Mahali ni jambo jingine. Miongoni mwa ndege wengi waimbao wanaohama, aliyefanikiwa kulea makinda hurudi palepale, ilhali aliyeharibikiwa huelekea zaidi kutafuta kwingine. Katika kisiwa cha Gotland, Sweden, watafiti walihamisha makinda ya ndege wadogo wadaka-wadudu kutoka viota vya eneo moja hadi vya jingine, na matokeo yao ya mwaka 2002 yalionyesha kwamba maeneo yaliyopunguziwa makinda yalihamwa zaidi na kupata wageni wachache. Ndege, basi, hutazama pia kiota cha jirani, kama mchuuzi apimavyo kona yake kwa mauzo yake mwenyewe na kwa msongamano ulio mbele ya meza ya mwenzake.

Mwanafalsafa Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliuita wahmu uwezo unaokaribiana na huu wa ndege kupima mahali: kondoo hutambua uadui wa mbwa mwitu ingawa uadui hauonekani kwa jicho, na mbwa aliyepigwa huogopa fimbo. Wahmu haujengi hoja, kwa hiyo si akili. Lakini hujifunza, kwa hiyo silika peke yake haiuelezi.

Kesi ngumu kwa hoja hii ni kinda la mwaka huu, ambalo hukaa kwenye waya uleule na wakubwa wake, likiwa halina kiota lilicholea makinda cha kukumbuka wala hasara ya kukimbia.